‘And’ si ‘na’: viunganishi vya Kiingereza kwa aliyezoea Kiswahili

Mwezi uliopita mama mmoja mwenye meza ya dagaa pale mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, alinikabidhi simu yake. Alikuwa ameandika ujumbe wa kumpelekea mteja wake wa Lusaka, ambaye Kiswahili hakijui, akataka niupitie kabla hajautuma. "Mwalimu, niangalizie hapo. Sitaki anione sijui kitu halafu aanze kunishusha bei." Ujumbe wenyewe ulisomeka hivi:

"Although the dagaa are dry but the price is fair. I packed forty bags, tomorrow the lorry will leave. I did not mix them with sand nor I did not add old ones."

Nilimwambia kwamba maneno aliyoyachagua ni sahihi, tahajia ni safi, na mteja ataelewa. Kasoro zipo tatu, na zote zimekaa mahali pamoja: pale sentensi moja inapokutana na nyingine. Kisha nikamwomba anisemee ujumbe uleule kwa Kiswahili. Akasema bila kusita: "Ingawa dagaa ni wakavu lakini bei ni nzuri. Nimefunga magunia arobaini, kesho lori linaondoka. Sikuchanganya mchanga wala sikuongeza wa zamani."

Hicho ni Kiswahili ambacho mwalimu hakigusi kwa kalamu nyekundu. Kila kosa lake la Kiingereza lilikuwa na sentensi nzuri kabisa ya Kiswahili nyuma yake, na hilo ndilo jambo ninalotaka wanaojifunza waambiwe mapema. Mtoto anamaliza darasa la saba akiwa amesoma masomo yake kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza na kukuta vitabu vimegeuka Kiingereza, kisha anapewa orodha ya kukariri: and ni na, but ni lakini, or ni au, so ni hivyo. Orodha hiyo si ya uongo. Lakini inamfanya aamini kwamba kazi imeisha akishajua maana, wakati ugumu wenyewe uko kwenye muundo.

Tuanze na jambo ambalo wengi tumelisoma kwenye somo la Kiswahili tukalisahau. Kishazi huru ni kile kinachoweza kusimama chenyewe kikaeleweka: "lori limeondoka". Kishazi tegemezi hakisimami: "ingawa lori limeondoka" humwacha msikilizaji akisubiri. Sentensi inayounganisha vishazi huru viwili tuliiita sentensi ambatano, na yenye kishazi tegemezi tuliiita changamano. Kiingereza kina mgawanyo huohuo, ila kinaushikilia kwa ukali kuliko sisi. Viunganishi vyake vya kuunganisha vitu vyenye hadhi sawa ni saba: for, and, nor, but, or, yet, so. Herufi zao za kwanza zikipangwa hivyo zinatoa FANBOYS, neno ambalo wanafunzi hulikariri sana. Because, although, when na if hayamo. Hayo ni ya kundi la viunganishi tegemezi, na sheria zake ni nyingine.

Sasa tazama kitenzi chetu kilivyo. Ukisema "limeondoka", mtenda yumo ndani: ni lile li-. Ukisema "wakapakia", wa- iko pale. Kitenzi cha Kiswahili kwa kawaida kinatembea na mtenda wake mgongoni kama mama na mtoto, kwa hiyo karibu kila kitenzi chetu ni sentensi tayari. Kiingereza kinamweka mtenda nje, neno la peke yake, na kinaruhusu kumwacha akishatajwa mara moja. Ndiyo maana msemaji wa Kiswahili hapati shida kujua "and" ina maana gani, ila anapata shida kuona kama upande wa pili wa "and" una mtenda wake au hauna. Mtenda huyo ndiye anayeamua alama ya mkato ikae wapi.

Chukua sentensi hii: "Lori liliondoka Igoma asubuhi, likafika Shinyanga kabla ya saa sita." Kwa Kiingereza unaweza kuiandika kwa njia mbili:

"The lorry left Igoma in the morning, and it reached Shinyanga before noon."

"The lorry left Igoma in the morning and reached Shinyanga before noon."

Ya kwanza ina "it" baada ya "and". Upande wa kulia una mtenda na kitenzi, unaweza kusimama wenyewe, kwa hiyo mkato unawekwa kabla ya kiunganishi. Ya pili haina "it". Kilichobaki ni "reached Shinyanga before noon", ambacho peke yake hakina mwenyewe, kwa hiyo mkato hauwekwi. Kwa Kiswahili tofauti hii haipo, kwa sababu lile li- liko pande zote mbili upende usipende.

Darasani kwangu huwa nawaambia waweke kidole gumba juu ya kiunganishi na kila kilicho kushoto, kisha wasome kulia peke yake kwa sauti. Kikisikika kama sentensi kamili, weka mkato kabla ya kiunganishi. Kikisikika kama kimekatwa kichwa, usiweke. Vishazi vikiwa vifupi sana waandishi wengi huuacha mkato hata pale ulipostahili, na hakuna atakayekulaumu. Lakini mkato usiuweke baada ya kiunganishi. Wanafunzi wangu huandika "But, I was late" kwa sababu sisi tukisema "lakini" huwa tunavuta pumzi kidogo. Pumzi hiyo kwenye Kiingereza cha maandishi haina alama yake.

Kosa la pili la mama yule, "I packed forty bags, tomorrow the lorry will leave," linatoka kwenye chanzo hichohicho. Vishazi huru viwili vimeshikanishwa kwa mkato mtupu. Kiswahili kinapumzika kwenye mkato na kuendelea na safari, na hadithi zetu zote zimejengwa hivyo. Kiingereza cha maandishi kinadai kiunganishi baada ya mkato huo, au nukta, au nukta mkato. "I packed forty bags, and the lorry will leave tomorrow" inatosha.

Hapa lazima nikae kidogo na -ka-, kwa sababu ndiyo inayotuponza zaidi. "Nilikwenda stendi ya Nyegezi nikanunua tiketi nikarudi nyumbani nikalala." Vitenzi vinne, kiunganishi hakuna hata kimoja, na kila mtu anajua kipi kilitangulia kipi. Ile -ka- yenyewe ndiyo kiunganishi, imejificha ndani ya kitenzi. Mwanafunzi akifika kwenye Kiingereza anakuta hakuna -ka-, na anaangukia upande mmoja kati ya miwili. Wa kwanza anaandika mikato mitupu: "I went to Nyegezi, I bought a ticket, I came home, I slept." Wa pili anatia "and" kila panapokuwa na -ka-: "I went to Nyegezi and I bought a ticket and I came home and I slept." Mwingereza angetaja mtenda mara moja, akatenganisha vitenzi kwa mkato, na kuweka "and" moja tu kabla ya kile cha mwisho: "I went to Nyegezi, bought a ticket, came home and slept."

Wanaosoma Biblia kwa lugha zote mbili wanaweza kuliona jambo hili wazi. Katika tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James, sura ya kwanza ya Mwanzo ina aya 31, na 29 kati yake zinaanza na "And". Zisizoanza hivyo ni aya ya kwanza kabisa na aya ya 27, inayoanza na "So". Watafsiri walikuwa wanafuata Kiebrania, ambacho huunganisha matukio kwa kiambishi kidogo mwanzoni mwa neno. Aya ya tatu inasema, "And God said, Let there be light: and there was light." Kiswahili chetu kinasema, "Mungu akasema, Iwe nuru, ikawa nuru." Hakuna "na" hata moja. Kazi ya "And" zote mbili imefanywa na -ka-. Mimi naliona hilo ni jambo la kujivunia katika lugha yetu, na naumia ninapomsikia mwanafunzi akiambiwa anaandika hovyo bila kuelezwa kwamba ameleta mfumo mmoja kamili ndani ya mwingine.

Aya hizo zinajibu pia swali ninaloulizwa kila muhula: je, ni kosa kuanza sentensi kwa And au But? Si kosa. Kiingereza kimefanya hivyo kwa karne nyingi. Katazo hilo ni la darasani, na nia yake ilikuwa njema, kuwazuia watoto wasianze kila mstari kwa And. Kwenye karatasi ya mtihani jizuie, kwa kuwa humjui anayesahihisha. Kwenye barua na makala, tumia pale sentensi inapodai.

Turudi kwenye "na". Neno letu hili linabeba mizigo ambayo Kiingereza kimeigawa kwa wapagazi wengi. "Baba na mama" ni and. "Nimekuja na mwavuli" ni with. "Ameumwa na nyoka" ni by. "Nina njaa" hakuna kiunganishi kabisa. Lakini mtego mkubwa kuliko yote ni huu: "Tulikwenda na kaka yangu Kamanga." Msikilizaji wa Mwanza anaweza kuelewa kwamba walioenda ni watu wawili tu, msemaji na kaka yake, wakapanda kivuko wakavuka upande wa Sengerema. Ukiandika "We went to Kamanga with my brother," Mwingereza anahesabu watu watatu au zaidi: sisi, na juu yake kaka. Wawili wale waandikwe "My brother and I went to Kamanga."

Na hapo "I" inakaa mwisho. Sisi tunasema "mimi na kaka yangu" bila kuonekana tuna kiburi, ila adabu ya Kiingereza inamtanguliza mwenzako. Pia "mimi" yetu haibadiliki ikitenda wala ikitendewa, wakati kwao ni I au me. Kujua ipi ni ipi, mwondoe mwenzako kwenye sentensi. "They gave my brother and me tickets" ni sahihi, kwa sababu ukimwondoa kaka inabaki "They gave me tickets". Wapo wanaosema "my brother and I" kila mahali wakidhani ndiyo heshima, hata kwenye sentensi kama hiyo. Heshima haihusiki hapo.

"Na" ikitangulia kitenzi chenye ku- kuna shimo lingine. "Tuliingia kivukoni na kuketi" kwa Kiswahili ni safi. Wengi huandika "We boarded the ferry and to sit." Kiingereza kinataka pande mbili za kiunganishi zifanane umbo: boarded na sat, swimming na cooking. Kama fundi anayeunga mbao mbili, unene ulingane kwanza ndipo gundi ishike.

Mkato kwenye orodha una ugomvi wake. Waingereza wengi huandika "tilapia, perch and dagaa". Wamarekani wengi huongeza mkato kabla ya "and". Shule zetu kwa kawaida hufuata mtindo wa kwanza, nami sina neno nao. Lakini mkato huo mmoja uliwahi kuamua kesi. Sheria ya jimbo la Maine, Marekani, iliorodhesha kazi ambazo wafanyakazi wake hawalipwi muda wa ziada, miongoni mwake kukausha, kugandisha na kuhifadhi bidhaa za kilimo, nyama, samaki na vyakula vinavyoharibika upesi. Mwisho wa orodha ulisema "packing for shipment or distribution of", bila mkato kabla ya "or". Madereva wa kampuni ya maziwa Oakhurst Dairy walikuwa wanasambaza, hawafungashi. Wakadai kwamba maneno hayo yanahusu kufungasha tu: kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kwa ajili ya kusambaza. Kwa hiyo kusambaza kwenyewe hakumo kwenye orodha, nao wanastahili malipo ya ziada. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya Boston iliona sheria hiyo ina utata na ikawaunga mkono madereva. Jaji David Barron alianza hukumu yake kwa kusema kwamba kesi hiyo ipo kwa sababu ya mkato uliokosekana. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5. Kwa mji kama wetu, wenye viwanda vya minofu ya sangara na mikataba inayoandikwa kwa Kiingereza, naona kesi hii inafaa kusomwa darasani.

Viunganishi vingine nitavipitia kwa kasi tofauti.

But haina ugumu mkubwa. Sisi tuna lakini na tuna bali, wao wanatumia but kwa vyote viwili. "He is not a fisherman but a trader" ni bali.

Nor ndiyo iliyomwangusha mama yule, na haishangazi. Wala yetu inataka kitenzi kiendelee kukanusha: "wala sikuongeza". Nor imeshabeba ukanusho wote tumboni, kwa hiyo ukiongeza "not" unakanusha mara mbili. Tena inageuza mpangilio kama wa swali: "I did not mix them with sand, nor did I add old ones." Wanafunzi huogopa ile "did I" wakidhani wanauliza. Ukiona inakusumbua, njia rahisi ipo: baada ya ukanusho tumia or. "I did not mix them with sand or add old ones." Maana ni ileile, na ndivyo watu wanavyosema mitaani huko kwao.

Or ya kawaida unaijua. Angalia tu kwamba kitenzi kinamfuata aliye karibu: "Either the driver or his helpers have the key", lakini "Either his helpers or the driver has the key".

For wengi wanaifahamu kama "kwa" au "kwa ajili ya", wanashangaa inaitwaje kiunganishi. Mfano wake wa kweli kwetu ni kwani. "Tulilala Nansio, kwani kivuko cha mwisho kilikuwa kimeondoka." Kwa Kiingereza: "We slept in Nansio, for the last ferry had left." Sasa jaribu kuileta kwani mbele ya sentensi. Haikai, ikitangulia inakuwa swali, "Kwani kivuko kimeondoka?" For nayo ikikaa kama kiunganishi haitangulii sababu mbele ya tukio, wakati because inakaa mbele au nyuma bila shida. Lakini for ina harufu ya vitabu. Kwenye ujumbe wa simu andika because.

So ina sura mbili. Ikiwa ni hivyo, mkato unatangulia: "The lake was rough, so the boats stayed ashore." Ikiwa ni ili, mkato hautakiwi: "I came early so I could get a seat." Badilisha kwa Kiswahili kichwani, ukisikia "ili", acha mkato.

Yet wanafunzi huijua kama bado, na wanadhani yet ya kuunganisha ni neno jingine. Mimi siwaachi waamini hivyo. Sisi wenyewe tunasema, "Samaki walikuwa wabichi, na bado hakuna aliyenunua." Ile "na bado" ina mshangao uleule wa yet: "The fish were fresh, yet nobody bought them." But ingesema tofauti tu, yet inasema msemaji hakutegemea. However, kwa upande wake, haimo kwenye saba. Ukiandika "The fish were fresh, however nobody bought them" umerudi kwenye kosa la mkato mtupu. Inahitaji nukta au nukta mkato kabla yake.

Limebaki kosa la kwanza la ujumbe, lile la although na but kukaa sentensi moja. Kiswahili kinapenda kufunga mlango pande zote mbili: ingawa ... lakini, kwa kuwa ... hivyo, kama ... basi. Neno la kwanza linamwandaa msikilizaji, la pili linampokea. Kiingereza kinahesabu. Although imeshakifanya kishazi cha kwanza kuwa tegemezi, na but inaunganisha vyenye hadhi sawa tu, kwa hiyo hazina pa kukutana. Chagua moja: "Although the dagaa are dry, the price is fair," au "The dagaa are dry, but the price is fair." Because na so vivyo hivyo. Nikimweleza mtu hili huwa simwambii "ondoa neno la ziada", maana kwa Kiswahili si la ziada. Namwambia Kiingereza kinataka mlango mmoja.

Tulikaa pale kwenye kiti cha plastiki, harufu ya dagaa ikiwa imetuzunguka, tukaurekebisha ujumbe mstari kwa mstari. Alichagua mwenyewe: aliondoa although akabakisha but, akaweka and kabla ya lori, na kwenye mstari wa mchanga akaichukua or, akisema ile "did I" hataikumbuka. Akatuma.

Kesho yake saa mbili asubuhi alinipigia. Mteja alikuwa amejibu kwamba malipo yataingia Ijumaa, na mwisho akaandika: "Although we have not met but I trust you."

"Mwalimu," akaniambia, "na yeye ameweka yote mawili."